Uyoga na Nuru: Elimu Iliyoanza Machimboni

Watu wengi hudhani ya kuwa uyoga ni mtoto wa giza. Huota msituni chini ya majani yaliyooza, huota katika magogo, na huchomoza usiku mmoja baada ya mvua; asubuhi watoto huukuta mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Tena hauna rangi ya majani mabichi, wala hauvumilii jua kali, kwa kuwa jua la mchana huunyausha upesi. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba uyoga nao huhitaji nuru, na kwamba ziko aina nyingi zisizoweza kupata umbo lao kamili pasipo nuru, ataona ni mzaha. Lakini ndivyo ilivyo. Habari ya jinsi jambo hili lilivyojulikana ni ndefu. Ilianza katika machimbo ya madini huko Ulaya yapata miaka 250 iliyopita, na imeendelea mpaka siku zetu. Katika makala hii tutaifuata hatua kwa hatua, maana ndani yake yamo mafunzo kwa mkulima na kwa kila mtu apendaye kutazama mambo ya viumbe.

TUNDA NA MTI WAKE

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yatupasa kuujua uyoga. Kile tunachokichuma na kukipika ni tunda tu. Mwili wake wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba sana, zilizotandaa ndani ya udongo, au ndani ya gogo, au ndani ya samadi. Ukivunja gogo lililooza utaziona zimeshikamana kama utando wa buibui. Nyuzi hizi ndizo zinazokula. Huyeyusha mti na majani na kunyonya chakula chake, na kazi hiyo huifanya gizani mwezi hata mwezi, pengine mwaka hata mwaka, bila mtu kujua. Mfano wake ni kama mwembe uliozikwa mzima chini ya ardhi, usionekane hata jani moja, ila siku moja baada ya mvua maembe yakachomoza juu.

Tunda hilo lina shina, na juu ya shina iko kofia, na chini ya kofia viko vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Juu ya kurasa hizo ndipo hufanyika mbegu, ndogo mno kama vumbi. Wataalamu huziita spora. Mtu akitaka kuziona, na akate kofia ya uyoga uliokomaa, ailaze juu ya karatasi, na aifunike kwa bakuli hata asubuhi. Akiiinua ataona vumbi limechora mistari ya kurasa zile. Basi kwa njia hiyo tunafahamu kazi ya kila kiungo: shina huinua kofia mahali penye upepo, kofia huzikinga kurasa zisilowe mvua, na kurasa huzaa. Uyoga usio na kofia ni kama mgomba usiotoa mkungu. Umetumia chakula chote bure, wala hautaacha uzao.

Tazameni uyoga wa vichuguu, unaopendwa sana katika nchi zetu. Mchwa huulima katika vyumba vya giza chini ya ardhi, wakiulisha majani na vijiti walivyovitafuna. Majira ya mvua yakifika, uyoga hupeleka shina refu kama mzizi kupita katika udongo, kofia ikiwa imefungwa na ncha yake ni ngumu. Hata ikifika juu, ndipo hukunjuka. Mfaransa mmoja, Roger Heim, aliupa ukoo huo jina la Termitomyces mwaka 1942, maana yake uyoga wa mchwa. Basi hapa twaona wazi ya kuwa kazi ya kula hufanyika gizani, na kazi ya kuzaa hufanyika juu, penye upepo na nuru. Lakini hapo swali linazuka. Uyoga hauna macho, wala hauna ubongo. Nyuzi zilizomo ndani ya gogo zajuaje mahali gogo linapokoma na ulimwengu wa nje unapoanza? Na shina lajuaje ya kuwa sasa ni wakati wa kuifanya kofia?

MAUMBO YA AJABU CHINI YA ARDHI

Watu wa kwanza kukutana na jibu la swali hilo, ingawa hawakulitambua, walikuwa watu wa machimbo. Katika machimbo ya kale ya Ulaya, njia za chini ziliegemezwa kwa maboriti mengi ya misonobari, ili miamba isiwaangukie wachimbaji. Huko chini hewa ina unyevu, na maboriti huoza. Kwa hiyo uyoga huota juu yake. Lakini uyoga huo haukufanana na ule wa msituni. Mwingine ulikuwa kama pembe za kulungu zenye matawi, mwingine kama vidole vya mtu, mwingine kama kamba nyeupe zilizoning'inia kutoka juu. Kofia ama zilikosekana kabisa, ama zilikuwa ndogo zisizo na maana.

Daktari mmoja, jina lake Giovanni Antonio Scopoli, alifika katika mji wa Idrija mwaka 1754 kuwatibu wachimbaji wa zebaki. Mji huo leo umo katika nchi ya Slovenia. Kazi yake ilikuwa nzito, kwa maana mvuke wa zebaki huwadhuru watu, ukiwatetemesha mikono na kuwaharibu vinywa. Naye aliandika kitabu juu ya ugonjwa huo mwaka 1761. Hata hivyo alipata nafasi ya kukusanya mimea na wadudu wa nchi ile, wala hakuvisahau viumbe vya chini ya ardhi. Mwaka 1772 alitoa kitabu huko Prague chenye picha nyingi za uyoga wa machimboni, kila mmoja kwa umbo lake la ajabu.

Baada yake akaja kijana wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa safari zake za Amerika ya Kusini. Mwaka 1791 aliingia katika chuo cha machimbo cha Freiberg, akawa akishuka chini pamoja na wachimbaji, na kwa nuru ya taa akachunguza kila kiotacho juu ya mbao na mawe. Mwaka 1793 alichapisha kitabu kwa Kilatini juu ya mimea hiyo ya Freiberg, hasa ile ya chini ya ardhi.

Wataalamu wa zamani hizo walipoona umbo jipya mara nyingi walilipa jina jipya, wakidhani ni aina nyingine ambayo haijajulikana. Miaka mingi ilipita kabla ya watu kutambua ya kuwa nyingi za aina hizo za machimboni zilikuwa uyoga ule ule wa msituni, ulioharibika umbo kwa kukosa nuru. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kutazama peke yake hakutoshi. Aliyeona pembe nyeupe juu ya boriti aliona kweli; lililomkosa ni kuchukua uyoga huo huo, kuuotesha mara mbili, mmoja gizani na mmoja penye nuru, na kuulinganisha.

Tena palikuwa na jambo jingine lililoweza kumpoteza mtu. Huko Paris watunza bustani walikuwa hodari wa kulima uyoga mweupe juu ya samadi ya farasi. Mfaransa Tournefort alieleza ufundi wao mwaka 1707. Mwanzoni mwa karne ya 19 walianza kuulima katika mashimo ya kale ya kuchimbia mawe, chini ya mji wenyewe na kando yake. Huko mna giza kuu, na mvunaji huenda na taa. Lakini uyoga huo hutoa kofia nzuri ya mviringo, isiyo na kasoro. Aina hiyo haina haja ya nuru hata kidogo, na ndiyo inayouzwa siku hizi katika makopo duniani kote. Mtu aliyeujua uyoga huo tu, asingeona sababu ya kufikiri kwamba nuru ni kitu kwa uyoga mwingine. Ndiyo maana si vema kupima ukoo mzima kwa mtoto mmoja.

BREFELD NA JARIBIO LA KWELI

Aliyelitengeneza jambo hili kwa utaratibu alikuwa Mjerumani, Oscar Brefeld, aliyezaliwa mwaka 1839. Huyu alikuwa na kanuni moja aliyoishika sana: mtu akitaka kujua maisha ya ukungu au uyoga, sharti aanze na spora moja tu, tena katika chombo safi kisicho na kitu kingine chochote. Zamani watu waliweka samadi chini ya kioo, wakaandika yote yaliyoota, wasijue lipi ni mtoto wa lipi. Brefeld alichukua maji ya samadi yaliyochemshwa, akapanda spora moja, akaangalia siku kwa siku tangu uzi wa kwanza mpaka kofia.

Katika miaka ya 1870 na 1880 aliangalia sana uyoga mdogo uotao katika samadi, wa ukoo wa Coprinus. Uyoga huu kofia yake ikikomaa huyeyuka ikawa maji meusi kama wino. Brefeld aliuotesha penye nuru, ukawa na shina la kadiri na kofia njema. Akauotesha gizani, ukatoa shina refu, jembamba, lililopauka, na juu yake kofia kidogo mno isiyokua. Shina liliendelea kurefuka kana kwamba linatafuta kitu. Alipoupeleka tena kwenye nuru, kofia ikaanza kukua.

Msomaji atakumbuka maharagwe yaliyoota ndani ya debe lenye kifuniko: nayo huwa marefu, meupe, dhaifu. Kwa nje mambo haya mawili hufanana, lakini yako na tofauti kubwa. Haragwe hujitengenezea chakula kwa nuru, na likikosa nuru siku nyingi litakufa kwa njaa. Uyoga hauli nuru. Chakula chake umekwisha kukipata gizani, kutoka katika samadi au mti. Kwa uyoga nuru ni habari tu. Ni kama mlio wa ngoma: ngoma haimshibishi mtu, lakini humwambia ya kuwa saa imefika. Na kama ilivyo habari, haihitajiwi nyingi. Mwaka 1956 Mwingereza Madelin alionyesha ya kuwa kwa uyoga mmoja wa ukoo huo huo wa Coprinus, sekunde chache tu za nuru hafifu zilitosha kuuamsha kuanza kuzaa matunda.

Brefeld aliishi mpaka mwaka 1925. Mtu huyu aliyewafundisha wengine nguvu ya nuru, mwisho wa maisha yake alipofuka macho.

BULLER NA MRUSHA KOFIA

Baada ya Brefeld ilifuata kazi ya Mwingereza, A. H. Reginald Buller, mzaliwa wa Birmingham mwaka 1874. Mwaka 1904 alikwenda Kanada kufundisha elimu ya mimea katika mji wa Winnipeg, mahali penye baridi kali sana, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Hakuoa, aliishi hotelini, na siku zake alizitoa kwa uyoga. Vitabu vyake juu ya utafiti huo ni saba. Cha kwanza kilitoka mwaka 1909, na cha saba kilitoka mwaka 1950, yeye mwenyewe amekwisha kufa. Ndiye aliyekadiria ya kuwa uyoga mmoja mkubwa wa mviringo, ule upasukao ukatoa vumbi, una spora yapata 7,000,000,000,000.

Mwaka 1905 Buller alitoa habari za uyoga uitwao Lentinus lepideus. Uyoga huu hula mbao za misonobari, hata mataruma ya reli na mbao zilizotandazwa barabarani zamani; nao ni mmoja wa wale waliofanya pembe za ajabu machimboni. Buller alitambua ya kuwa uyoga huo hufuata amri mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza shina changa huelekea nuru. Nuru ikiwa ubavuni, shina huinama ubavuni, wala halijali juu wala chini. Pasipo nuru hurefuka tu, lisifanye kofia. Lakini nuru ikilipata na kofia ikaanza kuumbika, shina huacha kuifuata nuru, likasimama wima kushika njia ya juu, ili kofia ikae sawa na kurasa zining'inie chini bila kuinama. Maana yake ni wazi. Uyoga uliomo katika ufa wa mti hauna budi kutoka nje kwanza, na nuru ndiyo inayouonyesha mlango. Ukisha kutoka, kazi iliyobaki ni kuangusha spora, na spora huanguka vema kama kofia imelala sawa.

Kiumbe kingine alichokichunguza Buller ni ukungu mdogo uitwao Pilobolus, yaani mrusha kofia. Si uyoga hasa, ni ndugu wa mbali. Huota juu ya samadi mbichi ya farasi, ya punda, na ya ng'ombe, na kimo chake mara nyingi hakifikii urefu wa kidole. Shina lake ni angavu kama kioo. Juu yake pana kibofu kilichojaa maji, na juu ya kibofu imekaa kofia ndogo nyeusi yenye spora. Asubuhi kibofu hupasuka kwa nguvu, na kofia hurushwa mbali, pengine hatua mbili au zaidi. Na ajabu yake ni hii: hairushi ovyo, hulenga shabaha penye nuru.

Buller alieleza jinsi inavyolenga. Kibofu kile huikusanya nuru kama kioo cha miwani ya kukuzia kinavyokusanya miali ya jua. Nuru ikija sawasawa kutoka mbele, hukusanyika katikati ya chini ya kibofu. Ikija kwa upande, hukusanyika upande mmoja, na shina hukua kwa kadiri isiyo sawa, likageuka polepole mpaka kibofu kiielekee nuru. Ni kama jicho, lakini ni jicho la ukungu usiozidi inchi moja.

Na kwa nini ulenge nuru? Kwa sababu wanyama hawapendi kula majani yaliyo karibu na samadi yao. Spora zikianguka pale pale, hazitaliwa. Lazima zitupwe mbali, zishikamane na jani la nyasi, ziliwe pamoja na jani, zipite tumboni, na kutoka katika samadi mpya. Nuru huonyesha upande ulio wazi, usiozibwa na donge la samadi wala na majani. Mwalimu anaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Aweke samadi mbichi ya punda au ya farasi ndani ya kopo lenye unyevu, alifunike lisiingie nuru, aache tundu dogo moja tu ubavuni, lililozibwa kwa kipande cha kioo. Baada ya siku chache, ukungu huo ukiota, watoto wataona nukta nyeusi zimebandika juu ya kioo, kama risasi zilizopigwa na mtu asiyekosa shabaha.

RANGI YA NURU, NA KIPOKEZI CHAKE

Nuru ya jua ina rangi nyingi, kama zionekanavyo katika upinde wa mvua. Basi wataalamu waliuliza ni rangi ipi inayosema na uyoga. Waliotesha uyoga na ukungu chini ya nuru za rangi mbalimbali, na kwa aina nyingi jibu likawa moja: ni buluu. Uyoga kama Coprinus ukikaa katika nuru nyekundu hujiona kana kwamba uko gizani. Ukipata nuru ya buluu huanza kuitengeneza kofia. Kwa hiyo mtaalamu atakaye kuutazama uyoga bila kuuamsha hutumia taa nyekundu, kama wapiga picha wa zamani walivyofanya katika chumba cha giza.

Lakini kitu gani ndani ya uyoga huipokea nuru hiyo? Jibu lilipatikana katika ukungu wa rangi ya machungwa uitwao Neurospora, ambao katika miaka ya 1840 uliharibu mikate mingi huko Paris, na ambao katika nchi za joto huota juu ya mabua na miwa iliyoungua moto. Nyuzi zake zikipata nuru hugeuka rangi ya machungwa. Wataalamu walipata ukungu wa namna hiyo usioweza kugeuza rangi nyuzi zake. Spora za juu zilikuwa na rangi, na chini yake palikuwa na mviringo mweupe kama ukosi wa shati. Wakauita kwa Kiingereza ukosi mweupe. Ukungu huo ulikuwa kipofu: haukugeuka rangi, na mambo mengine yote yaletwayo na nuru haukuyafanya.

Mwaka 1996 wataalamu wa Roma waliisoma jeni ya kwanza ya ukosi mweupe, na mwaka 1997 ya pili. Jeni ni kama agizo lililoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili, na kila agizo huleta protini yake. Mwaka 2002 ilithibitishwa ya kuwa protini ya kwanza ndiyo inayoipokea nuru. Ndani yake imeshika kitu cha rangi ya manjano, kilichotengenezwa kutokana na vitamini B2, ile ile tuipatayo sisi katika maziwa, mayai na maini. Nuru ya buluu ikikipiga kitu hicho, protini hubadili umbo lake, na pamoja na mwenzake huamsha maagizo mengine yaliyolala. Basi hilo ndilo jicho la ukungu; halina mboni wala kope, lakini kwa kazi yake linatosha.

Je, uyoga wenye kofia nao una kipokezi hicho? Ndiyo. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walichunguza Coprinus uliokuwa na ila: hata ukiwekwa penye nuru hutoa shina refu na kofia duni, kama ule wa Brefeld gizani. Walikuta ya kuwa jeni yake iliyoharibika ni ndugu wa ile ya ukosi mweupe. Na mwaka 2013 wataalamu wa Uholanzi waliziondoa jeni hizo katika uyoga uitwao Schizophyllum commune. Uyoga huu huota hata kwetu juu ya magogo makavu. Ni mdogo, mweupe, wenye umbo la kipepeo cha kupepea moto, na kurasa zake zimepasuka katikati. Ulipoondolewa jeni hizo, nyuzi zilikula na kukua kama kawaida, lakini matunda hayakutokea, hata penye nuru. Hivyo lile lililoonekana juu ya maboriti ya Idrija na Freiberg lilipata maelezo yake baada ya zaidi ya miaka 200.

KILA KITU NA WAKATI WAKE

Mtu asidhani kwa hayo ya kuwa nuru zaidi ni heri zaidi. Coprinus ule ule hutufundisha vingine. Nuru ya kwanza huuanzisha kufanya tunda. Nuru ya baadaye huikuza kofia. Lakini ili spora zikamilike hutaka saa za giza baada ya nuru. Ukiachwa katika nuru kali isiyokoma mchana na usiku, kazi ya kufanya spora husimama. Katika maisha yake ya kawaida nuru huja na mapambazuko na giza huja na jioni, na uyoga umeipanga kazi yake kwa zamu hizo: mchana hujiandaa, usiku kofia hukunjuka, na asubuhi huwa imeyeyuka. Na kabla ya hayo yote nyuzi zilikaa gizani siku nyingi zikikusanya chakula, maana nyuzi zisizo na akiba hazitazaa hata zikimulikwa.

FAIDA KWA MKULIMA

Elimu hii si ya vyuoni tu. Mjerumani Richard Falck, aliyekuwa msaidizi wa Brefeld, aliandika mwaka 1917 jinsi ya kulima juu ya visiki uyoga wa ukoo wa Pleurotus, ambao Wazungu huufananisha na chaza. Uyoga huo leo hulimwa katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, ndani ya mifuko iliyojazwa mabua, majani ya migomba, mabaki ya pamba au ya mkonge. Wako wanaoweka mifuko katika chumba cha giza mpaka mwisho, kwa kuwa wamesikia ya kuwa uyoga hupenda giza. Kisha huvuna vijiti virefu vyeupe, vilivyokusanyika kama matawi ya marijani, visivyo na kofia. Soko huvikataa, na kazi yote huwa hasara.

Dawa yake ni kufuata zamu zile. Mifuko ikisha kupandwa mbegu, na ikae gizani mpaka nyuzi nyeupe zitande ndani yote. Ndipo ipelekwe katika chumba chenye unyevu na nuru ya kadiri, yaani nuru ya kumtosha mtu kusoma gazeti bila shida. Lakini jua lenyewe lisiipige, maana litaikausha. Tena hewa ipite. Hewa nzito, ile tunayoitoa puani, ikijaa chumbani nayo hurefusha mashina na kudumaza kofia, kwa hiyo mkulima anayeona mashina marefu na atazame yote mawili, dirisha la nuru na mlango wa hewa. Wajapani hutumia ila hiyo kwa faida: uyoga wao mwembamba uitwao enoki, ambao porini ni wa rangi ya kahawia wenye shina fupi na kofia pana, huulima kwa nuru haba na hewa nzito ili upate mashina marefu meupe, kwa kuwa wanunuzi wao hupenda hivyo.

Liko na onyo la mwisho. Mama zetu huujua uyoga mwema na uyoga wa sumu kwa kutazama kofia, kurasa, rangi na shina. Uyoga ulioota mahali pa giza, ghalani, kisimani, au chini ya sakafu, huenda umepotewa na dalili hizo zote. Kama Scopoli na Humboldt, watu wenye elimu, hawakuweza kuutambua uyoga wa msituni ulipokosa nuru, basi mpishi naye asijaribu bahati yake. Uyoga usio na kofia usiliwe, hata ukiwa umeota juu ya gogo ambalo kila mwaka hutoa uyoga mwema.